Kadi ya Mahafali Si Hati ya Madai

Ndugu msomaji, kama unaishi Tanzania na una watu wanaokufahamu, hapana shaka kwamba kati ya Agosti na Novemba ya kila mwaka huletewa kadi za mahafali. Darasa la saba hufanya mtihani wa taifa mwezi Septemba, kidato cha nne hufanya wa kwao mwezi Novemba, na vyuo vikuu vingi hutunuku shahada katika miezi hiyohiyo ya mwisho wa mwaka. Basi kadi hutangulia mvua za vuli. Mimi niliyekuwa mwalimu kwa miaka karibu arobaini, na mwalimu mkuu kwa nusu ya miaka hiyo, sina uhaba wa wanafunzi wa zamani, na wanafunzi hao sasa ni wazazi. Mwaka jana nilizikusanya kadi zote nikazihesabu. Zilikuwa kumi na moja. Mbili zilinipa habari. Tisa zilinidai fedha.

Kadi hizo tisa zilifanana kama zimetoka tumbo moja. Familia ya Bwana na Bibi Fulani inayo furaha kubwa kukujulisha kuwa kijana wao mpendwa anatarajia kuhitimu masomo yake. Ili kufanikisha sherehe hiyo, unaombwa mchango wako wa hali na mali. Mtu mmoja ni shilingi 50,000 na wawili ni shilingi 80,000. Tafadhali wasilisha mchango wako kabla ya tarehe kadha, kwa namba ya simu ifuatayo. Hebu zipime sentensi hizo. Moja inamhusu mtoto, na hata hiyo inasema "anatarajia". Tatu zinahusu fedha. Amesoma nini, wapi, kwa muda gani, na anakusudia kwenda wapi baada ya hapo, hayo hayamo. Jina la mweka hazina limo, jina la mwalimu wa darasa halimo.

Nasema wazi kwamba jambo hili halina adabu, na ninakusudia kueleza kwa nini. Kumpa mtu habari ya furaha ni jambo halali. Kumwomba mtu msaada pia ni jambo halali. Hakuna binadamu asiyeomba. Lakini kila moja lina adabu yake na saa yake. Ukiyatia yote mawili katika bahasha moja, unaharibu yote mawili. Habari inageuka kuwa chambo, na ombi linageuka kuwa dai, kwa sababu mtu hawezi kukataa kuchangia bila kuonekana kwamba amekataa kufurahi.

Tuanze na maneno yenyewe, maana mwalimu haachi asili. Neno kuhitimu limetujia kutoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni kutia muhuri au kukamilisha. Katika mwambao wetu, mtoto aliyeusoma msahafu wote kuanzia mwanzo hadi mwisho husemwa kuwa amehitimu. Hakuhitimu alipofika nusu, wala alipobakiza juzuu moja. Neno mahafali nalo lina asili hiyohiyo ya Kiarabu, na maana yake ni mikusanyiko ya watu. Kwa hiyo maneno haya mawili yamepangana vizuri: kwanza mtu ahitimu, ndipo watu wakusanyike. Sisi tumeyapindua. Tunakusanyika kwanza, na kuhitimu tunamwachia Mungu.

Wazee wetu hawakupindua. Kijana aliyepelekwa kumbini hakuchezewa ngoma ya kutoka siku ya kuingia. Ngoma ile ilichezwa alipokwisha kupona na kufundwa. Mwali alitolewa nje baada ya mafundisho, si kabla. Mkulima hali mavuno siku ya kupanda, na fundi seremala halipwi kwa kabati ambalo bado ni mbao. Na wahenga walituonya tusikate kanzu kabla mwana hajazaliwa. Shule zetu, ambazo ndizo zingepaswa kufundisha mpango wa mambo, ndizo zinazokata kanzu mapema kuliko wote. Mahafali ya darasa la saba na ya kidato cha nne hufanywa kabla ya mtihani, na mara nyingi wiki chache tu kabla, wakati ambapo mtoto angekuwa anasoma.

Mtu atasema, mwalimu, hilo ni jambo dogo. Si dogo. Wakumbuke watahiniwa wa kidato cha nne wa mwaka 2012. Matokeo yao yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu yao walikuwa wamepata daraja sifuri. Nchi nzima ilishtuka, Waziri Mkuu akaunda tume, na mwezi Mei serikali ikayafuta matokeo yale na kuyapanga upya. Hata hivyo walioanguka walibaki wengi mno. Sasa jiulize: watoto wale hawakufanyiwa mahafali? Walifanyiwa. Miezi michache tu kabla ya hapo walikuwa wamevaa majoho, wamekata keki, wamepigwa picha na kuitwa wahitimu mbele ya mgeni rasmi. Aibu yao ilikuwa ya aina mbili: kuanguka, na kuanguka baada ya kushangiliwa. Sisi watu wazima ndio tuliowaongezea ile ya pili.

Sidai kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Nilipokuwa mtoto, wengi walikomea darasa la nne, na wasichana wengi hawakufika hata hapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14, wote wa sheria, katika jengo la TANU lililoko mtaa wa Lumumba. Nchi yenye wasomi wa kuhesabika hivyo ilikuwa na haki ya kumpokea kila mhitimu kwa vigelegele. Lakini ukumbuke jinsi alivyopokewa. Kijana alirudi kijijini na cheti chake, akaenda kumwamkia babu yake, akaenda kwa mwalimu wake, akaenda kwa wale waliouza ng'ombe au kahawa ili ada yake ipatikane. Aliwapelekea habari. Wao wakachinja. Hakuwaandikia kwanza kuwauliza watachinja ngapi.

Katika shule niliyofundisha mwanzo, miaka ya Elimu ya Kujitegemea, mahafali ya darasa la saba yalikuwa siku ya kuaga. Elimu ya Kujitegemea ilitolewa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, na pamoja na upungufu wake ilituachia shamba la shule. Mahindi yaliyoliwa siku ile watoto waliyalima wenyewe. Kuku walitoka katika banda la shule. Kwaya iliimba, risala ikasomwa, kiranja mkuu akamkabidhi kiranja mpya funguo za stoo, na saa kumi kila mtu alikuwa kwake. Hakuna mtoto aliyekosa chakula kwa sababu baba yake hakulipa, kwa maana hapakuwa na malipo. Nami nilipomaliza chuo cha ualimu, kuhitimu kwangu kulikuwa sanduku la bati, cheti, na barua ya kupangiwa kituo cha kazi. Mama yangu alinipikia ubwabwa. Hadi leo sijaona pungufu katika sherehe ile.

Lakini mambo yalibadilika. Shule za binafsi ziliongezeka sana kuanzia miaka ya tisini, nazo zilihitaji kuonekana. Joho, ambalo lilikuwa vazi la chuo kikuu, likashuka hadi sekondari, likashuka hadi msingi, na sasa limefika chekechea. Mtoto wa miaka sita, ambaye meno yake ya mbele yameng'oka, anavishwa joho na kofia yenye kishada kwa sababu amejua kuhesabu hadi mia. Nampongeza kwa kuhesabu. Ila siku atakapopata shahada kweli tutamvika nini?

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Miaka michache baada ya kustaafu nilialikwa kwenye mahafali ya kidato cha nne katika shule moja ambayo sitaitaja jina. Nilifika mapema, kama ilivyo kawaida ya walimu wa zamani. Nyuma ya turubai, karibu na masufuria ya pilau, nilimkuta msichana aliyevaa sare ya shule akisuuza sahani. Wenzake walikuwa wanapangwa mstari wakiwa na majoho.

"Shikamoo babu," aliniambia.

"Marahaba mwanangu. Wewe ni wa kidato cha tatu?"

"Hapana babu. Mimi ni wa nne. Mama hakuwahi kumaliza hela ya mahafali, ndiyo nimeambiwa nisaidie huku."

Nilimwuliza ni somo gani analolipenda. Akasema Biolojia, na akaacha kusuuza ili anieleze kwa nini. Msichana huyo alikaa katika darasa lile miaka minne. Alifagia uwanja ule, aliandika mitihani ileile, aliugua malaria katika bweni lilelile. Majina yaliposomwa, la kwake halikusomwa. Nilipomfuata mkuu wa shule na kumwuliza, alinijibu kwa upole kwamba hayo yalikuwa makubaliano ya kikao cha wazazi. Nami nasema hivi: kikao cha wazazi kinaweza kupanga pilau iwe ya nyama au ya kuku. Hakina mamlaka ya kuamua nani amemaliza shule. Jina la mwanafunzi haliuzwi. Matokeo yalipobandikwa, namba ya msichana yule ilikuwemo pamoja na za wenzake, na Baraza la Mitihani halikuuliza kama alivaa joho.

Najua nitakavyojibiwa. Jibu la kwanza ni kwamba kuchangiana ni mila yetu, na kwamba mzee huyu amesahau ujamaa. Sijasahau. Nimechangia misiba na harusi tangu nilipoanza kupata mshahara, na nikifa nitachangiwa. Lakini tuitazame mila hiyo vizuri. Tunachangia msiba kwa sababu msiba haupigi hodi, na mfiwa hawezi kujiandaa. Tunachangia harusi kwa sababu nyumba mpya inaanza bila sufuria. Tunamchangia mtoto ada kwa sababu bila ada atarudishwa nyumbani. Katika yote hayo mchango unaziba pengo. Mchango wa mahafali unaziba pengo gani? Ukumbi wa kukodi, mshereheshaji, vipaza sauti na keki ya ngazi tatu havikuwa pengo mpaka pale mwenye sherehe alipovitaka. Na tena wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Kiasi kikishaandikwa kwenye kadi, huo si moyo tena, ni kiingilio. Mwenye kutoza kiingilio asiseme ana wageni. Aseme ana wateja.

Siku hizi kadi ya karatasi imepata ndugu yake wa simu, naye ni mkorofi zaidi. Unaamka asubuhi unakuta umeingizwa katika kundi la WhatsApp la mahafali ya mtoto usiyemjua, na kila jioni mweka hazina anatoa orodha: walioahidi, waliolipa, waliolipa nusu. Mjane anayeuza vitumbua anasoma jina lake mbele ya watu themanini, na pembeni yake sifuri. Zamani mdai alikuja mlangoni, akabisha hodi na kunong'ona. Hakutangaza deni sokoni, hata pale lilipokuwa deni la kweli. Leo tunatangaza madeni ambayo hayakuwahi kukopwa.

Jibu la pili lina nguvu zaidi, nami nalipa heshima yake. Watasema: mwalimu, kwa watoto wengi, hasa wasichana wa vijijini, darasa la saba au kidato cha nne ndio mwisho. Wengine hawatapata nafasi ya kuendelea. Ukizuia sherehe kabla ya mtihani, hawatasherehekewa maisha yao yote. Hilo ni kweli. Msichana aliyemaliza darasa la saba bila kuozwa wala kukatizwa amefanya kazi kubwa, na siku yake ya mwisho shuleni isipite kama siku ya kawaida. Kwa hiyo sisemi tufute siku hiyo. Nasema tuiite jina lake, siku ya kuaga, na tuifanye ya watoto wote, bila joho na bila kiingilio. Apewe cheti chake cha kumaliza, aimbe, ale, asikie jina lake likitamkwa vizuri na mwalimu aliyemfundisha. Kuaga hakuhitaji matokeo. Ukishinda unaagwa, ukishindwa unaagwa. Pongezi ndizo zinazosubiri matokeo.

Basi, kwa kuwa kukosoa bila kuelekeza ni nusu ya kazi, niseme adabu yenyewe kama nionavyo.

Habari ya kuhitimu ipelekwe baada ya kuhitimu. Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, na ya kidato cha sita hutoka Julai. Hakuna habari iliyowahi kuoza kwa kusubiri miezi miwili. Habari hiyo ipelekwe kwanza kwa waliosaidia: bibi aliyelea, mjomba aliyelipa ada ya muhula mmoja, mwalimu aliyebaki jioni kufundisha hesabu bila malipo, jirani aliyewasha taa yake ili mtoto asomee. Hao wafuatwe kwa miguu au wapigiwe simu, na mtoto mwenyewe ndiye aseme. Si vizuri mwalimu wa mtoto kusikia habari hiyo kutoka kwa kinyozi. Wengine wapewe kwa barua au kwa ujumbe mfupi, kila mtu kwa jina lake, na ujumbe huo usiwe na tarakimu yoyote ya fedha ndani yake, wala namba ya simu ya mweka hazina, wala lile neno "ahadi".

Miongoni mwa zile kadi mbili zilizonipa habari mwaka jana, moja ilikuwa barua ya msichana niliyemfundisha darasa la nne, sasa mama wa watoto wawili, aliyekuwa amemaliza chuo cha uuguzi akiwa na umri mkubwa. Aliandika mistari michache tu: kwamba amemaliza, kwamba amepata cheti chake, kwamba bado anakumbuka nilivyomfundisha kugawanya sehemu kwa kukata chungwa, na kwamba atapita kuniamkia sikukuu ikifika. Hakuomba kitu. Nilimtumia kitu siku hiyohiyo, na nilitoa zaidi ya vile ambavyo kadi yoyote ya mchango ingethubutu kunidai. Wanakamati wa michango na walione hilo, kama hawasikii hoja za adabu.

Katika kutoa habari, mtu aangalie pia nani anaipokea. Katika mtaa mmoja kuna nyumba ya mtoto aliyefaulu, na nyumba ya tatu kutoka hapo kuna aliyeanguka. Mwenye furaha asipite kwa jirani huyo na karatasi ya alama. Aseme mwanawe amemaliza na amepata shule, inatosha. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora wa kitaifa. Wako waliolalamika. Mimi nilifurahi, kwa kuwa nimewaona watoto wakigeuzwa mabango ya biashara. Kama Baraza limeweza kujizuia, mzazi anashindwaje? Na mgeni naye ana wajibu. Usimwulize mtoto "umepata daraja gani?" mbele ya watu. Mwulize "unakwenda wapi sasa?" Swali hilo la pili hulijibu hata aliyepata daraja la nne, tena bila kuinamisha kichwa.

Tukija kwenye karamu, kanuni ni moja: alika watu kadiri ya chungu chako. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nao hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akope. Ukiweza kulisha ishirini, alika ishirini. Ukiweza kulisha sita, alika sita, na mwalimu awe mmoja wao. Chai, mihogo na karanga katika uani uliofagiwa ni karamu kamili. Ukiwa nacho, chinja mbuzi, hakuna atakayekulaumu. Sherehe iwe mchana, iishe kabla ya giza, ili wasichana na wazee wafike makwao salama. Pombe isiwepo, siku ya mtoto si siku ya walevi. Mwalimu akae mbele, na wale waliosomesha wakae naye, hata kama viatu vyao vina vumbi. Mtoto asikalishwe jukwaani kama sanamu huku watu wakipita kumpa bahasha. Awanawishe wageni mikono, awape chakula, halafu asimame aseme maneno machache ya shukrani, awataje watu kwa majina. Mtoto asiyeweza kusema nani aliyemsomesha, shule imemwachia kiporo.

Hotuba zisizidi tatu, na ya mwisho iwe ya mzee atakayeomba dua. Mshereheshaji anayepiga kelele hahitajiki. Mgeni aje kwa wakati, alete alichoweza, akabidhi kwa mkono na bila kutangazwa. Kalamu ni zawadi. Daftari kubwa ni zawadi. Kuku ni zawadi. Na aliyekuja mikono mitupu naye amekuja, na hilo pia ni zawadi.

Kwa walimu wakuu walioko kazini nasema maneno machache, kama mtu aliyekaa katika kiti hicho. Wazazi wanakuogopa kuliko unavyodhani. Ukituma barua ya mchango wa mahafali na kuandika ni wa hiari, wao wanasoma ni wa lazima, kwa kuwa wewe ndiye unayeshika cheti cha mtoto wao. Usimzuie mtoto kuketi na wenzake kwa ajili ya fedha ya sherehe. Usishikilie cheti chake. Kama joho haliwezi kuvaliwa na wote, lisivaliwe na yeyote, maana sare ya shule walivaa wote miaka yote, na siku ya mwisho inawafaa zaidi.

Na kwa mzazi nasema hivi. Tangu mwaka 2016 serikali imeondoa ada katika shule zake hadi kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Lakini mtoto akichaguliwa kidato cha tano, fomu ya kujiunga bado inakuja na orodha yake: godoro, shuka, ndoo, viatu, madaftari, karatasi, na nauli ya kufika mkoa ambao hujawahi kuuona. Nimeshuhudia familia iliyolisha watu mia na hamsini mwezi Oktoba, na mwezi Julai uliofuata baba akawa anazunguka kuazima nauli. Wale mia na hamsini walikuwa wameshiba na wameondoka. Alipowapigia simu, wengi walimjibu kwamba wao walikwisha changia. Nao walisema kweli.

Kwa hiyo mwaka huu ukiletewa kadi yenye kiasi, fanya kama ninavyofanya mimi. Mpigie mzazi simu, mpongeze kwa dhati, umwulize habari za mtoto kwa jina lake. Kisha mwambie: "Ndugu yangu, sitalipia kiti. Matokeo yakitoka, nijulishe mtoto anakwenda wapi na anapungukiwa na nini." Wengine watakasirika, na baadhi yao hawatakualika tena. Lakini Januari au Julai mmoja wao atapiga simu na kusema godoro halijapatikana. Hapo toa.